Baba alipigana Vita vya Kagera, amefariki bila medali. Tuanzie wapi?

#1 BintiMasasi

Wakuu salaam.

Baba yetu alikuwa mgambo. Aliondoka Masasi mwishoni mwa 1978 kwenda kupigana na Idi Amin, akarudi 1979. Mama anakumbuka korosho zilikuwa zimeshaanza kudondoka. Mwaka 1983 wakahamia Dar, akapata kazi ya ulinzi kwenye godauni moja Barabara ya Pugu, akafanya hapo mpaka macho yakamshinda. Alifariki 2017, tukamzika Chanika. Shehe alisoma, tukafukia, tukala wali, tukatawanyika. Hakukuwa na bendera wala mtu yeyote wa jeshi.

Sasa mama ana miaka 71 na ametushikia bango. Kuna jirani yake hapa Mbagala alizikwa mwaka jana, mwanajeshi mstaafu, risasi zikapigwa hewani, bendera ikakunjwa vizuri. Mama alirudi msibani hasemi. Usiku akatuuliza, "Na baba yenu je, alikwenda Uganda kuchuma ndizi?"

Tulichonacho ni sanduku la bati la kijani. Ndani kuna chupa ya maji ya kijeshi yenye kifuniko cha mnyororo, picha moja ya studio imeandikwa nyuma kwa kalamu ya wino "Masaka 79" (Masaka ni mji wa Uganda), na karatasi moja ambayo mende wameila upande wa jina. Herufi zilizobaki ni "...mani S." na nusu ya mhuri.

Mwezi uliopita kaka alikwenda ofisi moja, akazungushwa siku mbili, siku ya tatu ofisa akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema jina halimo. Daftari lenyewe ni la nini, hakusema, na kaka kwa woga hakuuliza.

Kwa nini jina lisiwemo? Na marehemu anaweza kupewa heshima yake au tunajisumbua?

#2 Kibatari

Ngoja wajuzi waje. Naweka kambi hapa.

#3 MzeeWaVijibweni

Pole sana binti yangu.

Hilo la jina kukosekana lisikushangaze. Vita ilipoanza jeshi letu lilikuwa na watu kama 40,000. Ndani ya miezi michache likavuka 150,000, kwa kuchukua polisi, magereza, JKT na mgambo kutoka mikoa yote. Mgambo peke yao walikaribia 40,000. Wewe fikiria kazi ya karani wa wakati huo, na daftari la mkono, na kaboni moja inayopokezanwa ofisi tatu. Utalitafuta wapi jina la mzee? Masasi alikoandikwa, kambini alikofunzwa, au kwenye kikosi alichokwenda kuziba pengo? Inawezekana kabisa ofisa alifungua daftari la askari wa kudumu, na mgambo hawamo humo hata ukikesha.

#4 TandikaDamu

Mzee hakuwa na namba ya MT?

#5 BintiMasasi

@TandikaDamu sandukuni kuna namba imepakwa rangi nyeupe, tarakimu tano, halafu mkwaju, halafu 3. Kaka alipeleka namba hiyo hiyo.

@MzeeWaVijibweni shikamoo na asante. Hilo la daftari jingine hatukuliwaza.

#6 AfandeMstaafu

Binti, hiyo si namba ya mtu. Namba ya askari wa kudumu huanza na MT. Yenye mkwaju namna hiyo inafanana na ya stoo, yaani ni namba ya sanduku. Mlikwenda kumtafutia sanduku medali.

#7 Kibatari

😂😂 Sanduku nalo lilikuwa vitani, lipewe chake.

#8 MpareWaGoba

Mimi nina kisa kinachofanana, labda kikusaidie.

Baba yangu mdogo alikwenda Kagera kwa jina la kaka yake. Kijijini waliitwa vijana kwa majina, kaka mtu alikuwa ameoa wiki mbili tu. Babu akasema, nenda wewe, hujaacha mtu. Akaenda. Kule akaitikia jina la kaka yake miezi tisa, hata barua alizotuma aliandika jina hilo kwa kuogopa wakaguzi. Aliporudi, karatasi zote ni za kaka, na kaka hakuwahi kuvuka Same. Mpaka leo ukimtania kaka mtu anasema "mimi ndiye niliyeingia Kampala".

Kwa hiyo dada, muulize mama taratibu kama mzee alikuwa na jina jingine. Hizo herufi "mani" zinaweza kuwa Athumani, Selemani, Amani, Rahmani. Baba yenu ni nani hapo?

#9 BintiMasasi

Hapo umenigusa. Baba ni Athumani Saidi. Lakini baba yake mdogo, yaani babu mdogo, alikuwa Selemani Saidi. Mungu wangu.

#10 Mtata_wa_Manzese

Samahani kwa nitakachosema, ila ukweli usemwe. Usikute mzee alitoroka. Jina la mtoro halikai kwenye orodha ya heshima. Nyie mnapiga mbio za medali, mwisho mnafukua mengine.

#11 MamaZai

@Mtata_wa_Manzese wewe una matatizo. Mtu kapoteza baba, unamwambia baba alitoroka? Mtoro gani anapiga picha Masaka na chupa ya maji anarudi nayo?

#12 Mtata_wa_Manzese

Sikusema alitoroka, nimesema USIKUTE. Mbona wakali hivyo. Ameuliza kwa nini jina halipo, nami nimetaja sababu mojawapo. Au hapa tunaruhusiwa kutaja sababu tamu tu?

#13 AfandeMstaafu

Mtata hajakosea kimantiki, amekosea adabu.

Lakini mtoro wa Novemba 1978 asingefika Masaka. Masaka ilitekwa Februari 24, 1979. Kama picha kweli ni ya huko na ya mwaka huo, mzee alikuwa bado yumo. Masaka hakuendi mtu kwa bahati mbaya.

#14 Nshomile

Mimi ni wa Bukoba nakaa Kimara. Nataka niseme jambo ambalo nyie wa Pwani hamlitilii maanani: mwende Kaboya, wilaya ya Muleba. Pale ndipo walipolazwa mashujaa wa vita ile. Makaburi yamepangwa mistari, meupe, na majina. Kila mwaka Julai watu wanakwenda. Nilipokuwa mdogo walimu walitupeleka, tukaambiwa tupite kimya. Mimi nilikuwa nahesabu, nikafika mia nikachanganyikiwa.

#15 Kibatari

Mzee wake amezikwa Chanika, Kaboya akafanye nini?

#16 Nshomile

Namaanisha wenye kumbukumbu wapo. Tusiseme tu jeshi halikuandika. Kaboya kuna makaburi zaidi ya 600.

#17 KalamuNyekundu

Ndugu Nshomile, hapo pana jambo. Takwimu iliyotangazwa baada ya vita ilikuwa wanajeshi 373. Wewe unasema makaburi zaidi ya 600. Hizo mia mbili na ushee zilitoka wapi?

#18 MzeeWaVijibweni

Wengine waliumia wakafia hospitalini baadaye, na wengine walifia Uganda vita ikiwa imekwisha, maana askari wetu walibaki kule mpaka 1981. Tangazo la 1979 lisingewahesabu.

#19 Mtata_wa_Manzese

Au ile ya kwanza ilipunguzwa ili watu wasivunjike moyo. Vita gani inatangaza hesabu kamili?

#20 Nshomile

Au mgambo hawakuhesabiwa mwanzoni, wakaja kuhesabiwa walipozikwa. Ndiyo yale yale ya baba wa mleta uzi.

#21 KalamuNyekundu

Mmeshatoa majibu matatu na hakuna aliyeleta karatasi. Mimi naondoka na swali langu.

#22 MjukuuWaKeya

Niingize langu, linahusiana.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, King's African Rifles. Alipelekwa Burma 1944 na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw kwenye mvua. Alikuwa akisema matope yalimeza nyumbu mpaka masikio. Alikufa 1994 na nyota yake imo kwenye kopo la Kimbo chini ya kitanda cha bibi. Ni ya shaba, pembe sita, katikati ina taji na herufi za mfalme. Utepe wake bluu iliyoiva, mstari mpana mwekundu katikati, na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa katikati ya kila upande wa bluu. Nimeigeuza nyuma, haina jina.

Sasa wajomba wawili wanagombea nyota moja. Kila mmoja anasema babu alimpa yeye. Mkubwa alitaka kuivaa kwenye harusi ya mwanawe Kigamboni, mdogo akatishia kumvua mbele ya maharusi.

#23 TandikaDamu

😂 Hiyo harusi ilikuwa lini nije na sahani.

#24 AfandeMstaafu

Kwa desturi ya Waingereza, mtoto au mjukuu akivaa medali ya marehemu anaivaa kifuani upande wa KULIA. Kushoto ni kwa aliyeipata mwenyewe. Mwambie mjomba akivaa kushoto anadanganya umma kwamba alikuwa Burma.

#25 MjukuuWaKeya

Mjomba amezaliwa 1958. Nitamfikishia 😂

#26 BintiMasasi

@MjukuuWaKeya babu aliipata hapa hapa au ilitumwa?

#27 MjukuuWaKeya

Bibi anasema iliwafikia miaka imepita tangu arudi, baada ya karani mmoja msomi wa kijijini kumwandikia maombi. Wenzake ambao hawakuwa na wa kuwaandikia walikufa hivi hivi. Kwa Waingereza mpaka leo familia inaweza kuomba medali za vita vya pili ambazo marehemu hakuzichukua, wana ofisi ya medali kwenye wizara yao ya ulinzi. Kwetu sijui inaendaje, ndiyo maana nafuatilia uzi huu.

#28 DogoWaPosta

Kwani ile Sanamu ya Askari pale Samora si ya hao hao wa Burma?

#29 KalamuNyekundu

Hapana. Ile iliwekwa 1927, vita ya Burma ilikuwa bado miaka kumi na saba. Ni ya Vita vya KWANZA, kuwakumbuka askari Waafrika na wapagazi. Kabla yake hapo palikuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann, ndiyo maana wazee wa mjini wakawa wanaiita "Bismini". Mtu mweusi akarithi jina la mtu aliyewatandika babu zake. Na Kariakoo ni masalia ya vita hiyo hiyo, Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo, walipigiwa kambi pale baada ya Waingereza kuuchukua mji Septemba 1916.

#30 Kibatari

Kwa hiyo nikienda kununua mitumba Kariakoo natembea juu ya kambi ya mashujaa. Na wote hao hawana medali wala jina.

#31 KalamuNyekundu

Wengi, ndiyo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa katika vita ya kwanza. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Pita makaburi ya vita pale Barabara ya Bagamoyo, usome majina yaliyoandikwa, halafu uwatafute wapagazi.

#32 MamaZai

Jamani mleta uzi ameuliza baba yake, nyie mko 1916. Turudini.

#33 WakiliWaMtaa

Ngoja nirudi kwenye uzi kama alivyosema MamaZai.

Dada, kabla hujarudi ofisi yoyote, panga karatasi zako. Cheti cha kifo cha RITA mnacho? Msimamizi wa mirathi aliteuliwa na mahakama? Watu huruka hilo kwa kuwa marehemu hakuacha nyumba, halafu kila ofisi inawauliza "wewe ni nani kwake?" Barua ya serikali ya mtaa haitoshi, inathibitisha unaishi hapo, haithibitishi wewe ni mtoto.

La majina mawili linatibika. Kama ikibainika mzee aliandikwa Selemani, atafutwe mtu wa rika lake anayejua, ale kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba Athumani Saidi na Selemani Saidi wa kijiji fulani ni mtu mmoja. Na huyo mtu awe mzee, msimtafute kijana wa bodaboda aape kuhusu 1978. Nimeyaona hayo.

Na mnaomba nini hasa? Ziko heshima za mazishi, bendera, gwaride na risasi, na hizo zilishapita. Iko medali ya vita. Na ipo nishani anayotoa Rais kama Amiri Jeshi Mkuu. Mkiandika barua moja inayoomba vyote, itawekwa chini ya rundo.

#34 TandikaDamu

Kwani marehemu anapewa? Nani atavalishwa?

#35 WakiliWaMtaa

Familia hupokea. Muungano ulipotimiza miaka 50 mwaka 2014, Rais Kikwete alitoa nishani na familia za marehemu zikapokea kwa niaba. Uganda nayo ilimtunuku Mwalimu Nyerere nishani ya Katonga wakati ameshafariki. Wenzetu hao kwenye sheria yao ya nishani wana hata medali inayoitwa Kagera, kwa waliopigana kumwondoa Amin.

#36 Mtata_wa_Manzese

Sasa hiyo ndiyo njia! Aombe Uganda. Waliokombolewa ndio walipe.

#37 Nshomile

Mtata kila kitu kwako ni kulipana.

#38 Mtata_wa_Manzese

Tuambiane ukweli. Nyuma ya kila medali kuna mtu anauliza "na fao je?" Mwalimu alitwambia tufunge mikanda miezi 18, mpaka leo mimi sijaulegeza. Mleta uzi, mnataka medali au mnataka hela? Si dhambi kusema hela.

#39 BintiMasasi

Swali lako nimelipeleka kwa mama kama lilivyo. Amejibu: "Hela ya nini, Athumani mwenyewe hayupo wa kunipora." Halafu akacheka mpaka akakohoa. Kwa hiyo si hela, ingawa kaka yangu angefurahi ikiwepo, nisidanganye.

Mama anataka jina lake lisomwe mbele za watu. Ndivyo alivyosema.

#40 SabaSaba79

Nasoma uzi huu tangu juzi, mjukuu wangu ndiye ananichapia maana vidole vyangu havitaki hizi simu. Nilikuwepo. Sitasema kikosi.

Kwanza huyo kijana wa Manzese simkasirikii. Sisi wenyewe tulitupiana maneno hayo hayo kule.

Tulipokuwa Lukaya, kule Uganda, Machi 10 jioni, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitupiga kwa makombora yao. Mbele walikuwepo mgambo wengi ambao walikuwa hawajawahi kusikia mlio ule. Safu ikavunjika, watu wakarudi nyuma gizani kwenye yale majani ya bwawa. Asubuhi tukapangwa upya, brigedi nyingine ikazunguka, tukarudi kuwapiga. Lakini ule usiku, wanangu, mtu alilala na kikosi kisicho chake, akaamka akapewa uji huko huko, akabaki huko huko. Kamanda anahitaji watu, hataki kusikia habari za orodha. Mimi nilikuwa na kijana mmoja wa Newala, amekuja kwetu hivyo, tumekwenda naye mpaka Kampala Aprili 11, na sijui kama kwenye kikosi chake waliandika amepotea au amekufa. Yuko hai, ana duka la vyuma Temeke.

Kwa hiyo binti, jina la baba yako linaweza kuwa kwenye kikosi alichoanza nacho, au alichomaliza nacho, au pote, au kote kusiwe na kitu. Alikuwa anasemaje yeye mwenyewe? Mgambo aliyepita Lukaya ana alama zake.

#41 BintiMasasi

Shikamoo babu.

Baba alikuwa hasemi vita. Ila mvua za masika zikianza, radi ya kwanza tu, anaacha alichokishika anaingia ndani, anakaa chini sakafuni mgongo ukutani, si kwenye kiti. Anakaa mpaka iishe. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka, tunaenda kukaa naye hivyo hivyo mstari mmoja. Mama alikuwa anatufukuza.

Na hakula samaki wa maji baridi mpaka anakufa. Wa bahari anakula.

#42 SabaSaba79

Marahaba mwanangu.

Hapo kwenye samaki sitaki kusema zaidi. Alikuwepo.

#43 MamaZai

Nimelia ofisini. Bosi anadhani nimefiwa.

#44 AfandeMstaafu

Mzee SabaSaba79, heshima yako. Mimi niliingia jeshini 1981, tuliwakuta mkitembea kama wenye nchi.

Jenerali Musuguri, yule mliyemwita Mutukula, alikufa Oktoba 2024 ana miaka 104, akazikwa Butiama kwa heshima zote, na vizuri. Naye alianzia Keya kama babu wa MjukuuWaKeya. Mkubwa huandikwa kwa urahisi. Tabu ni koplo, na chini ya koplo kuna mgambo.

Binti, ushauri wangu: usianzie juu. Nendeni kwa Mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya, huyo ndiye mwenye habari za mgambo. Kwa kuwa mzee aliandikwa Masasi, mshauri wa Masasi ndiye wa kuulizwa, si wa Temeke. Na mtafuteni mtu wa MUWAWATA, muungano wa wastaafu. Wale wazee wanakumbukana kwa majina ya utani kuliko ya vyeti. Muulize mama, mzee aliitwaje na wenzake?

#45 TandikaDamu

Usianzie juu, usianzie chini, usianzie Temeke. Huyu dada atafika Masasi kabla ya Simba kuchukua kombe la Afrika.

#46 DogoWaPosta

Simba imeingiaje hapa 😂 Yanga wenyewe wana lini?

#47 Kibatari

Msianze.

#48 WakiliWaMtaa

@AfandeMstaafu nakubaliana kuhusu mshauri wa akiba, ila nisingeacha kuandika na Wizara ya Ulinzi. Barua ikipokelewa kwa mhuri, nakala inabaki na wewe. Maneno ya mdomo hayana tarehe.

#49 AfandeMstaafu

Barua isiyo na jina sahihi ni kupoteza stempu. Kwanza jina.

#50 WakiliWaMtaa

Jina unaweza kulisahihisha baadaye kwa barua ya pili. Tarehe ya kwanza huwezi kuirudisha.

#51 MpareWaGoba

Hawa wawili waoane.

#52 Nshomile

Na Julai 25 mpelekeni mama akaangalie Siku ya Mashujaa, hata kwa televisheni. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Pale ni kwa wote, wenye majina na wasio nayo.

#53 BintiMasasi

@Nshomile anaangalia kila mwaka. Zamani zikifanyika Mnazi Mmoja baba alikuwa anapanda daladala anakwenda, anasimama nje ya uzio upande wa miti, na koti lile lile la ulinzi. Wakipiga baragumu anavua kofia. Wakimaliza ananunua karanga anarudi. Mara moja nilikwenda naye, nina kama miaka tisa. Nikamwuliza mbona hatuingii kwenye viti, akasema viti vina kadi.

#54 Mtata_wa_Manzese

Dada, nimefuta kauli yangu ya #10. Siwezi kuhariri tena ila nimeifuta.

Bado naamini muulizie na fao lakini.

#55 BintiMasasi

😂 Yameisha kaka.

Mrejesho: leo nimempigia shangazi Masasi, dada wa mwisho wa baba. Nimemwuliza kwa kuzunguka, shangazi, hivi baba vitani alikwenda kwa jina gani? Akanyamaza, nikadhani salio limekata. Akasema, "Nani amekwambia?" Nikasema hakuna. Akasema haya si ya simu, nije.

Halafu kabla ya kukata akauliza, "Lile sanduku bado mnalo? Mmeshafungua chini?"

Sanduku halina chini. Yaani lina, ila ni bati tu, na gazeti limebandikwa kwa gundi ya unga.

#56 Kibatari

AISEE.

#57 SabaSaba79

Mjukuu anasema nimwambie asilibandue kavu. Aweke kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya gazeti, asubiri, aanzie pembeni. Kwa kisu hapana.

#58 MamaZai

Na mama awepo.

#59 BintiMasasi

Mama ndiye ameshika kitambaa. Umeme umekatika, kaka ameenda kununua mshumaa.